Uzi wa wasanidi wa Kusini: maktaba ipi ya grafu na kiolesura kwa dashibodi ya minada ya korosho na ufuta?

#1 Mkaa Shangani (mleta uzi)

Wakuu, Mtwara kuchele.

Nimepewa kazi na chama cha ushirika huku kwetu. Wanataka ukurasa wa kuonyesha bei za minada ya korosho, ufuta na mbaazi, kilo zilizouzwa kutoka kila ghala, na makato yote yanayokatwa kabla hela haijamfikia mkulima. Data zipo na ziko vizuri, maana tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho mwaka 2007, mzigo hauingii ghalani bila karatasi. Shida yangu ni maktaba za kuchorea. Kila ninayemuuliza ananitajia ile anayoitumia yeye, halafu anaitetea kama anatetea Simba au Yanga.

Kwa hiyo naweka msimamo wangu hapa, mwenye hoja aubomoe.

Msianze na ukurasa wa mifano wa maktaba. Mifano yote inapendeza kwenye laptopu ya ofisini. Anzeni na simu ya atakayesoma. Wangu ni wa aina tatu. Viongozi wa chama kikuu wana laptopu na mtandao wa uhakika, hao hawanisumbui. Makarani wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, wana simu janja za kati. Wakulima ndio wengi, na wengi wao wanashika Itel au Tecno ya bei ndogo, bando la siku, na kivinjari ni Opera Mini. Opera Mini ikiwa kwenye hali yake ya kubana sana, JavaScript inatekelezwa kwenye seva zao kwanza, simu inaletewa ukurasa ulioshapikwa. Grafu yako ya kuvuta na kukuza hapo ni picha tu, na michoro inayotembea haitembei.

Kitu cha pili ni ukubwa wa data. Huku kwetu vyama vikuu vya korosho ni vinne: TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao. Kila mnada unatoa bei ya juu na bei ya chini. Hata ukirundika misimu kumi, unaongelea mistari mia kadhaa ya jedwali. Nalisema hili kwa sababu nusu ya ubishi wa maktaba ni ubishi wa kasi, na kasi ya kuchora nukta laki moja hainihusu mimi mwenye nukta mia nane.

Kwa wageni wa mambo haya: kivinjari kina njia mbili za kawaida za kuchora. Ya kwanza ni SVG, ambapo kila mstari, nguzo na neno ni kipande kinachojitegemea ndani ya ukurasa. Unakipaka rangi kwa CSS (lugha ya kupamba kurasa), unakiwekea tukio la kuguswa, na msomaji wa skrini wa mtu asiyeona anaweza kukifikia. Gharama yake ni kwamba vipande vikifika maelfu, simu dhaifu inaanza kuhema. Ya pili ni kanvasi, ambayo ni turubai moja ya pikseli. Ukishapaka, kivinjari hakijui tena kama pale pana nguzo au herufi; maktaba ndiyo inayokumbuka na kukokotoa umegusa nini. Kanvasi inabeba nukta nyingi bila kuchoka, ila kwa asiyeona ni ukuta mtupu usipoandika maelezo pembeni. Ipo na WebGL kwa wenye mamilioni ya nukta. Mimi simo.

Sasa wagombea.

D3. Ilitoka mwaka 2011 kwa Mike Bostock na wenzake Jeffrey Heer na Vadim Ogievetsky, wakiwa Stanford. Watu wanakosea kuiita maktaba ya grafu. Haina grafu hata moja ndani yake. Ina vipimo vya kubadili shilingi kuwa pikseli, ina mahesabu ya mikunjo ya mistari, ina makadirio ya ramani, ina namna ya kuunganisha data na vipande vya ukurasa. Grafu unaijenga mwenyewe. Ukiiweza, hakuna umbo litakalokushinda. Usipoiweza, grafu ya nguzo ya kawaida inakula mchana mzima. Jambo wengi hawalijui ni kwamba tangu toleo la 4 imekatwa vipande vidogo vidogo. Si lazima uichukue yote yenye kilobaiti 280 hivi kabla ya kubanwa. Unachukua d3-scale na d3-shape, mengine unayaacha dukani.

Observable Plot. Ya hao hao wa D3, ilitoka 2021. Hii ndiyo ningempa mtu mwenye data na haraka. Unaandika sentensi chache unapata grafu ya maana. Kwenye bei ya juu na bei ya chini inang'aa, maana unaiambia tu chora kijiti kutoka bei hii hadi ile kwa kila mnada.

Chart.js. 2013, kanvasi, leseni huria ya MIT, nyepesi kiasi, kila mtu anaijua. Grafu za kawaida zinatoka vizuri bila kuumiza kichwa. Mteja akitaka kitu kisicho cha kawaida, utaanza kutafuta viongezo vya watu, na baadhi ya viongezo hivyo havina mwenyewe tena.

ECharts. Ilianzia Baidu ya China, leo iko chini ya Apache, taasisi ya programu huria, na mwaka 2021 ilitangazwa kuwa mradi kamili wa taasisi hiyo. Ina kila kitu, hadi vitu usivyovihitaji. Ukiichukua nzima ni karibu megabaiti 1 kabla ya kubanwa.

Plotly. Nzuri kwa watafiti, na wanaotumia Python wameizoea. Furushi lake kamili linazidi megabaiti 3. Kwa mkulima wa Nanyumbu mwenye bando la siku, hapana.

Highcharts. Ya Norway, tangu 2009, imekomaa, grafu zake safi. Kwa kazi ya biashara unalipia. Mteja wangu hana fungu hilo na sitaki kumuachia deni la leseni.

Upande wa kiolesura, yaani vitufe, fomu na majedwali ya ukurasa, napima kati ya maktaba za React, Vue na Svelte, au nisitumie yoyote.

Nimeegemea hivi: vipande vya D3 kwa hesabu, SVG, na Svelte kwa kiolesura. Nawasilisha.

#2 Msafiri wa Mkanaleedi

Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa siti ya mbele na korosho zangu za kukaanga.

#3 Kitangari Boy

Mleta uzi umeidhulumu ECharts. Hiyo megabaiti 1 ni ya anayeichukua nzima kwa uvivu. Ukiagiza kipengele kimoja kimoja, yaani kiini chake, grafu ya mstari, ya nguzo, mihimili na kisanduku cha maelezo, inashuka sana. Halafu ina vitu ambavyo kwenye D3 utaviandika kwa jasho: kuchagua kipindi kwa kidole kwa kusogeza kile kipau cha chini, kuzima na kuwasha mstari kwa kugusa jina lake, kupakua grafu kama picha. Mteja atavitaka hivyo vyote siku ya kwanza kuiona, nakuhakikishia. Utakuwa wewe na D3 yako mnaandika kipau cha kusogeza hadi msimu unaisha.

Na ujue inachora kwa kanvasi au SVG, unachagua mwenyewe kwa neno moja.

#4 Mkaa Shangani

Mkuu Kitangari, hoja ya kipau nimeipokea. Lakini jiulize mkulima ana haja gani ya kusogeza kipau. Anataka mnada wa leo, wa juzi, na wa msimu uliopita tarehe kama hizi. Hayo ni mambo matatu, unaweza kuyaweka kama vitufe vitatu vikubwa vya kugusa.

#5 Bwana Komponenti

Mimi naona mnachanganya maswali mawili. Grafu ni swali moja, kiolesura ni lingine, na pale yanapokutana ndipo watu wanapoumia.

D3 ya zamani imezoea kushika ukurasa yenyewe: inaongeza vipande, inaviondoa, inavihamisha. React nayo, tangu Facebook waitoe 2013, inaamini ndiyo pekee inayoruhusiwa kuugusa ukurasa. Ukiziweka pamoja bila mpaka, moja inafuta kilichoandikwa na nyingine, na kosa halionekani hadi mtumiaji abadili kichujio mara mbili. Nimesahihisha programu za namna hii za watu kadhaa na ugonjwa ni ule ule.

Mpaka wenyewe ni rahisi. D3 apewe hesabu peke yake: kipimo, njia ya mstari, alama za mhimili. Vipande vya SVG viandikwe na React, Vue au Svelte kama inavyoandika kitufe au jedwali. Anayetaka hilo liwe limeshafanywa kwenye React atumie Recharts au visx ya Airbnb. Recharts ni ya haraka. Visx inakupa vipande vya chini zaidi uunge mwenyewe.

Kuhusu uzito: React 18 pamoja na react-dom ni kilobaiti 40 na ushee zikiwa zimebanwa. Siyo mlima, ila hujaandika neno lako hata moja bado. Preact inafanya karibu hayo hayo kwa kilobaiti 3 au 4. Svelte inakwenda njia nyingine: inatafsiri komponenti zako kabla ya kuzituma, hivyo ukurasa mdogo unabaki mdogo kweli. Rich Harris aliyeianzisha mwaka 2016 alikuwa chumba cha habari, anajua maana ya kupeleka grafu kwa msomaji wa simu. Kwa hiyo nakuunga mkono kwenye Svelte, na shaka yangu moja naiweka wazi: ukimaliza kazi ukaondoka, nani hapo Mtwara ataishika? Kijana atakayeajiriwa baada yako amejifunza React, kama si jQuery. Na toleo la 5 la Svelte, la Oktoba 2024, limebadilisha namna ya kuandika, hivyo nusu ya mafunzo atakayoyakuta mtandaoni ni ya mtindo wa zamani.

#6 Mzee wa Ghala

Vijana nawasoma. Mimi ni mtu wa AMCOS, si mtu wa kompyuta, mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha huu uzi.

Mkulima hafungui kurasa. Bei inatangazwa mnadani, dakika chache baadaye iko kwenye kundi la WhatsApp, mtu kaandika kwa mkono: bei ya juu hii, ya chini hii, kilo hizi. Anayokuja kutuuliza ofisini ni mawili. La kwanza, hela inaingia lini. La pili, mbona bei ya mnada ni ile na mimi nimepata hii? Hilo la pili ndilo linaloleta maneno, na wale wa kangomba, wanunuzi wa nje ya mnada, wanalitumia kumshawishi auze kichochoroni. Mkiweza kuchora makato yakaeleweka bila karani kupiga hesabu upya kwa kila mtu, mtakuwa mmetusaidia. Hayo mengine mnayoyasema siyajui.

#7 Mkaa Shangani

Shikamoo mzee wangu. Umenigeuza kichwa.

Wakuu, someni alichosema mzee halafu mrudi kwenye ubishi wetu. Grafu itakayosomwa na watu wengi zaidi haitasomwa kwenye ukurasa wangu kabisa. Itasomwa kama picha ndani ya kundi. Basi swali la maktaba linakuwa jingine: ipi inaweza kuchora ikiwa kwenye seva, bila kivinjari, kwa msimbo ule ule unaochora ukurasani?

WhatsApp haikuonyeshei SVG kama picha, kwa hiyo lazima itoke PNG au JPEG. Nikichora SVG kwenye seva, naigeuza PNG kwa zana kama resvg au sharp, karani anabonyeza kitufe kimoja anaituma. Grafu yenyewe iwe ya makato: nguzo moja ndefu ya bei ya mnada kwa kilo, inateremka ngazi kwa ngazi, kila ngazi imeandikwa jina la kato na shilingi zake, hadi inafika ile anayopokea mkulima. Kwa umbo hilo D3 haina mpinzani, kwa sababu ni mistatili tu na maneno, na kamba ya SVG naweza kuiandika hata bila ukurasa.

#8 Kitangari Boy

Haina mpinzani? ECharts tangu toleo la 5.3 inatoa SVG kama kamba ya maandishi kwenye seva, bila kivinjari cha bandia. Unawasha hali ya seva, unampa upana na kimo, unaita renderToSVGString. Hizo ngazi zako unazipata kwa nguzo mbili zilizopandana, ya chini ikiwa haina rangi. Usimnyime mtu haki yake.

#9 Bwana Komponenti

Hapo Kitangari kashinda raundi. Plot nayo inakubali kupewa ukurasa wa bandia kama jsdom. Chart.js kwenye seva inataka kanvasi ya kuigiza, inafanyika, ila kusimika vile vifurushi kwenye seva ya bei rahisi kuna siku utalia.

Mtakaogeuza SVG kuwa PNG, hakikisheni fonti ipo kwenye seva. Isipokuwepo, picha inatoka na nguzo zote, maneno hakuna, na programu inasema imefaulu.

#10 Dada wa Takwimu Ligula

Hongereni kaka zangu. Niwaongezee upande ambao mnauruka siku zote, upande wa namba, lugha na rangi.

Namba kwanza. D3 ukiiambia ifupishe namba kwa alama ya "s" inatumia vipimo vya kisayansi. Milioni inakuwa M, sawa. Bilioni inakuwa G. Mweke mwenyekiti wa chama mbele ya mhimili ulioandikwa 2.5G uone kama hataulizia mtandao wa simu. Tumieni Intl.NumberFormat iliyomo ndani ya kivinjari kwa sw-TZ; inajua TSh na inajua kuandika elfu kwa Kiswahili. Miezi pia: D3, ECharts na wengine wanakuja na miezi ya Kiingereza, ila wote wanapokea orodha yako. Msiache mhimili unasema Oct na Nov wakati kichwa cha habari ni cha Kiswahili.

Rangi. Vyama vikuu vinne ni mistari minne. Nyekundu na kijani zikikaa pamoja kuna wanaume hawazitofautishi, na si wachache. Chukueni rangi za Okabe na Ito au za ColorBrewer ya Cynthia Brewer, zilishapimwa. Zaidi ya rangi, andikeni jina la chama mwisho wa mstari wake badala ya kuweka kisanduku cha majina pembeni. ECharts 5 ina kitu kizuri hapa, inaweza kuwekea nguzo michirizi na nukta juu ya rangi, hata picha ikichapishwa nyeusi na nyeupe kwenye ubao wa AMCOS bado inasomeka. Nadhani hiyo ndiyo hoja kubwa kwa ECharts katika uzi mzima na Kitangari mwenyewe hakuitaja.

Maandishi yawe na utofauti wa 4.5 kwa 1 na kinachoyazunguka, kama WCAG, mwongozo wa kurasa zinazosomeka na watu wote, inavyotaka. Mistari na nguzo 3 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinavutia ofisini. Simu ikiwa juani ghalani saa saba mchana hakionekani.

Halafu kidole si panya. Ile tabia ya maelezo kutokea ukipitisha mshale juu ya nukta haipo kwenye simu. Kwenye Chart.js weka mode iwe index na intersect iwe false, kwenye ECharts kisanduku kifuate mhimili, ili mtu akigusa popote karibu na tarehe apate bei zote za siku hiyo. Kumlazimisha mkulima aguse nukta ya pikseli nne ni dharau.

#11 Msafiri wa Mkanaleedi

Dada umemaliza. 2.5G imenimaliza mimi.

#12 Mchora Ramani Ruangwa

Hamjagusa ramani na mteja ataitaka, hakuna dashibodi ya ushirika isiyo na ramani ya wilaya zilizopakwa rangi.

Kwa ramani ya kusogeza yenye barabara nyuma yake, Leaflet inatosha. Imeanzishwa 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Kyiv, kilobaiti 42 hivi zikiwa zimebanwa, inakwenda kwenye simu yoyote. Wanaotaka ramani za vekta watumie MapLibre. Hiyo ilizaliwa baada ya kampuni ya Mapbox kubadili leseni ya maktaba yao Desemba 2020, toleo la 2 likawa si chanzo huria tena. Jamii ikachukua toleo la zamani ikaendelea nalo. Wanaopuuza leseni wajifunze hapo.

Ila kwa rangi za halmashauri tu, bila barabara, huhitaji hata Leaflet. Halmashauri za Mtwara ni tisa, za Lindi sita. D3-geo na SVG inakwisha kazi. Mitego ni hii. GeoJSON, muundo wa faili za mipaka ya ramani, inaandika longitudo kwanza, latitudo baadaye, Leaflet inapokea latitudo kwanza. Ukizigeuza, Mtwara Mjini inaangukia bahari ya Atlantiki magharibi ya Ureno. Huo unaonekana haraka. Mtego mbaya ni mwelekeo wa mipaka: kiwango cha GeoJSON cha 2016 kinataka mpaka wa nje uzunguke kinyume na saa, D3 inataka uzunguke na saa. Faili likiwa sahihi kwa kiwango, D3 inapaka dunia yote isipokuwa Tandahimba. Watu wanatupa maktaba kwa sababu hiyo wakati dawa ni kugeuza mzunguko kwa amri moja.

Mipaka ipitisheni kwenye zana ya mapshaper ipunguzwe vikunjo. Ufuo wa Kilwa peke yake una vikunjo vingi kiasi cha kuzidi maktaba zenu zote kwa uzito.

#13 Mwanachuo

Samahani wakubwa, mimi nipo chuo hapa Mtwara, nasoma TEHAMA. Nianze na ipi ili nipate kazi? D3 au React?

#14 Bwana Komponenti

Mdogo wangu, HTML, CSS na JavaScript yenyewe kwanza, uweze kuchora grafu ya nguzo kwa SVG kwa mkono bila maktaba yoyote. Baada ya hapo React kwa ajili ya ajira. D3 itakuja yenyewe siku Recharts itakapokukatalia kitu.

#15 Seva ya Masasi

Nimechelewa uzi. Mnaongelea uzito wa maktaba na hamsemi inatoka wapi.

Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, kurasa nyingi nilizokuwa naziangalia zilikuwa zinafika nusu. HTML ipo, data ipo, seva iko Dar, lakini grafu hakuna, kwa sababu maktaba inavutwa kutoka seva ya nje kwa anwani iliyonakiliwa kwenye mafunzo. Faili la maktaba liweke kwenye seva yako mwenyewe, lipe jina lenye namba ya toleo, liamuru likae kwenye kashe mwaka mzima. Mkulima analipakua mara moja msimu mzima. Ukiongeza service worker, yaani programu ndogo inayobaki ndani ya kivinjari, ukurasa unafunguka hata pasipo mtandao na kuonyesha bei za mwisho alizoziona, ila uandike tarehe yake kwa herufi kubwa. Bei ya wiki iliyopita isiyo na tarehe ni hatari kuliko ukurasa usiofunguka.

Na punguzeni utegemezi. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake cha left-pad kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, mistari 11 tu, miradi ya dunia nzima ikashindwa kujengeka. Kabla hujaongeza kiongezo cha grafu, fungua uone nacho kinategemea nini, na mara ya mwisho mwenyewe alikigusa lini. AngularJS, fremuwaki ya Google, ilikuwa kila mahali, na msaada wake ukafika mwisho 2021 ulipoisha. Ukurasa wa ushirika utaishi zaidi ya hapo, kwa hiyo andika data kama faili la JSON au CSV ambalo halijui maktaba ipo. Siku ya kubadilisha unabadilisha mchoraji tu.

#16 Kitangari Boy

Sasa mleta uzi, umeamua nini? Usituache.

#17 Mkaa Shangani

Nimepunguza kwanza, ndipo nikaamua.

Picha ya kundi la WhatsApp ndiyo kazi ya kwanza, ukurasa unafuata. Nachukua ECharts kwa vipengele vichache, inachora SVG kwenye seva na kwenye ukurasa kwa maelezo yale yale. Kitangari kunywa soda kwa jina langu. Michirizi ya Dada wa Ligula ndiyo iliyonivuta zaidi, maana picha hizi zitabandikwa ubaoni. Kwa Opera Mini ile SVG ya seva inawekwa moja kwa moja ndani ya HTML, inaonekana bila kusubiri JavaScript. Mwenye simu nzuri ndiye anayeongezewa kugusa na kuchuja. Ramani ni d3-geo, faili moja, haisogei. D3 nyingine zote nimeziacha, japo roho inauma.

Svelte nimeiacha pia. Swali la nani atashika baada yangu sina jibu lake. Upande wa mkulima hauhitaji fremuwaki yoyote, ni vitufe vitatu. Upande wa karani, wenye fomu na vichujio, unaandikwa kwa Preact, hivyo kijana anayejua React atausoma bila shida.

Jedwali la stakabadhi ndilo limenibakia gumu. Hapo ni makumi elfu ya mistari kwa msimu, karani anatafuta jina la mkulima huku foleni imesimama. Sitaki kuyapakia yote kwenye simu.

#18 Seva ya Masasi

Utafutaji ufanyie kwenye seva, urudishe ishirini ishirini. Za AMCOS yake peke yake zihifadhi kwenye IndexedDB, hifadhi ya data iliyomo ndani ya kivinjari cha simu yake, mtandao ukikatika anatafuta humo. Atafute kwa namba ya mkulima kwanza, jina liwe la pili, maana kina Hamisi Issa mtawakuta wengi.

#19 Mzee wa Ghala

Hiyo ya namba ni kweli kabisa. Na hiyo picha ya makato, msisahau kutenganisha daraja la kwanza na la pili. Bei zake si moja, na ndiko maneno yanakoanzia.

#20 Mkaa Shangani

Nimeandika mzee, zitakuwa picha mbili.

Mchora Ramani, nikubughudhi kidogo: mipaka niliyonayo ni ya sensa ya 2012. Nanyamba haimo kama halmashauri, na Mtama bado imeandikwa Lindi, hivyo data zake hazioani na ramani, zinabaki kijivu. Unayo ya karibuni?

#21 Mchora Ramani Ruangwa

Ninayo ya sensa ya 2022. Usiunganishe kwa majina, unganisha kwa namba ya utambulisho ya halmashauri. Nakutumia faksi ya zamani... natania, angalia PM.